Udongo Uliobaki Kwenye Ukuta wa Jiko

Ninyi mliokulia Arusha wakati ule sabuni ilikuwa ya foleni na sementi ilikuwa ya kibali, baridi ya ndani ya nyumba mnaijua. Sisemi ile ya nje, ya mwezi wa saba, ambayo hata mgeni anaisikia akishuka tu kwenye basi. Nasema ile iliyokuwa inapenya katikati ya mawe ya ukuta, nyembamba kama uzi, ikakutafuta chini ya blanketi mpaka ikakupata shingoni. Kwetu Daraja Mbili kila mtoto alikuwa na upepo wake. Wangu uliingilia juu kidogo ya mto. Wa mdogo wangu Elia ulimpata kwenye nyayo, na ndiyo maana mpaka leo, mtu mzima mwenye kitambi, analala na soksi.

Nyumba hiyo aliijenga Baba kwa mikono yake. Alitoka Machame akiwa kijana, akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, akapata kiwanja, na Jumamosi kwa Jumamosi akapandisha kuta. Mawe aliyotumia mnayajua: yale ya kijivu, mepesi, yenye vitundu kama mkate, yanayochongwa machimboni kwa shoka kwa sababu ni laini. Ukilikwaruza jiwe hilo kwa msumari linatoa unga. Mlima Meru ndio uliotupa mawe hayo, zamani sana, ulipokuwa bado unatapika moto, na nyumba ngapi za mji huu zimesimama juu yake. Mawe Baba aliyapata. Sementi hakuipata. Kibali cha sementi kilikwenda kwa mtu anayemjua mtu, na Baba alikuwa anawajua wafumaji wenzake tu. Basi akayapanga mawe yake kwa udongo.

Kila masika mvua ya kutoka mlimani iliupiga ukuta na kuulamba ule udongo, kutoka nje kwenda ndani. Kiangazi kikaja kukausha uliobaki, upepo ukaudondosha. Kufika mwezi wa kwanza nyumba ilikuwa imejaa mianya, na sisi mianya hiyo tuliiita macho. Mama alikuwa akisimama uani, kanga kiunoni, anaitazama nyumba kama mtu anayemtazama mtoto mtukutu, anasema, "Imeshaanza kutukodolea macho." Hapo tulijua Jumamosi ya kuziba imekaribia.

Jumamosi hiyo ilichaguliwa katika mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza, siku ambayo Meru imetoka yote, haina hata wingu la kujifunikia. Asubuhi na mapema tulishuka mtoni na madebe kuchimba udongo mwekundu. Tuliumwaga uani, tukaongeza majivu ambayo Mama alikuwa akiyahifadhi, majani makavu yaliyokatwakatwa, na mavi ya ng'ombe. Kisha watoto tukavua viatu, wale waliokuwa navyo, tukapanda juu ya rundo na kulikanyaga. Nimeona wajukuu wa watu siku hizi wakilipiwa kiingilio ili wakaruke juu ya mpira uliojazwa upepo, na mama zao wamesimama pembeni na vitakasa mikono. Nawaonea huruma. Hawajui udongo wa baridi unavyopanda katikati ya vidole, majani yakikutekenya, mdogo wako akikusukuma makusudi ili uanguke kwa makalio, na wewe ukiinuka huna wa kumshtakia kwa sababu hata Mama anacheka.

Mavi ya ng'ombe yalikuwa mchango wa Mzee Lomayani, Mwarusha aliyekuwa na boma lake upande wa juu wa mtaa wetu na aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Siku ya kuziba alikuja na gunia begani, na nyuma yake mkewe na sufuria ya loshoro, mahindi na maziwa mgando, iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Tukishamwamkia shikamoo babu, na yeye akishatuwekea mkono kichwani mmoja mmoja, alikuwa analiweka gunia chini na kuanza utani hata kabla hajapumzika.

"Yeyo," anamwambia Mama, kwa neno la kwao la kumheshimu mama wa watu, "nyumba yako ina macho kuliko ng'ombe wangu wote."

"Afadhali nyumba yangu imesimama hapo hapo," Mama anajibu. "Ng'ombe wako wana macho mazima na bado hawalioni shamba la watu."

"Ninyi Wachaga mnajua kuhesabu kila kitu. Haya mashimo mmeyahesabu?"

"Nimekuachia wewe," anasema Baba, akiwa tayari magotini anakwangua ukuta. "Yahesabu kama unavyohesabu ng'ombe, kwa rangi."

Walikuwa wanasema maneno hayo hayo kila mwaka, na kila mwaka tulicheka kama mara ya kwanza.

Kuziba kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza unatoa udongo wa zamani uliolegea, kwa kijiti, usije ukalijeruhi jiwe. Kisha unalinyunyizia jiwe maji, maana likiwa kavu linaufyonza udongo mpya na kuuangusha. Kisha unasukuma udongo ndani, ndani kabisa, na hapo ndipo watoto tulipokuwa na kazi yetu, kwa kuwa vidole vyetu viliingia mahali ambapo vya wakubwa havikuingia. Mwisho unapitisha mgongo wa kijiko juu yake mpaka uwe laini. Mama alifanya kazi kwa kidole gumba. Alikuwa akibonyeza kila alipomaliza, kama mtu anayetia muhuri, na ukuta wote ukabaki na alama ya kidole chake, na ya kwangu chini yake, na ya Elia chini kabisa, usawa wa kuku.

Baba alikuwa na sheria moja. "Hakuna kula kabla ukuta haujala." Loshoro ikakaa pale kivulini, jani la mgomba likinyanyuka kidogo kwa upepo na kutuletea harufu ya maziwa, na sisi tukabaki ukutani, matumbo yakinguruma. Jua likishaegemea magharibi, Baba anaizunguka nyumba, mkono umepita kila jiwe. Anasimama mbele ya Mama. "Umeshiba?" anauliza, na kwa kweli alikuwa anauliza habari za ukuta. Mama anasema umeshiba. Hapo tu ndipo sufuria ilipofunuliwa. Sijala tena chakula kitamu namna ile, na nimekula kwenye hoteli ambazo vijiko vyake ni vizito kuliko mwiko wa Baba.

Jumatatu yake ilikuwa ya machozi. Mwalimu wa zamu alikagua kucha, na kucha zetu hazikuwa zinakubali kutoka udongo hata ukizisugua kwa gunzi. Mstari mzima wa watoto wa mtaa wetu tulinyoosha vidole vyekundu na kulambwa rula. Waliotoka nyumba za lipu, zenye kuta laini kama mashavu, walitucheka. Walituita watoto wa vichuguu. Nilikuwa nikirudi nyumbani na kuuangalia ule ukuta wetu wenye mabaka mekundu na ya kijivu na kuuchukia, mimi niliyekuwa nimecheka nao na kuukumbatia juzi yake. Mama hakuwahi kuchapwa rula, lakini aibu hiyo hiyo alikuwa nayo. Alikuwa mshonaji. Cherehani chake kilikaa barazani, na wanawake waliokuja kupimwa sare za watoto wao walisimama wakiutazama ukuta nyuma ya kichwa chake. Alikuwa akisema, "Mungu akinipa nyumba inayozibwa mara moja tu, sitamwomba kitu kingine." Baba alikuwa anasikia.

Halafu zikaja enzi za ruksa.

Waliozaliwa baadaye hawawezi kuelewa tulivyosimama madirishani. Duka ambalo mwaka jana lilikuwa na chumvi ya mawe na mwenye duka, sasa lilikuwa na biskuti za mabati, sabuni za rangi, redio zenye taa. Sementi ilikuja pia. Iliwekwa nje, barazani kwa watu, mifuko juu ya mifuko, na hakuna aliyeuliza kibali. Mtaa mzima ukaanza kunuka sementi mbichi. Leo anaziba huyu, kesho yule, na kila aliyemaliza alitoa kiti nje na kukaa mbele ya ukuta wake kama anapigwa picha. Sisi tuliendelea na udongo wetu, kwa sababu ruhusa ya kununua na uwezo wa kununua havikuja siku moja.

Na mlango ule ule uliopitisha sementi ulipitisha na mitumba. Mabelo yalifunguliwa sokoni, mashati ya nguo nzuri kuliko iliyofumwa na Baba, kwa bei ya uzi aliokuwa akinunua Mama. Wateja wa barazani wakapungua mpaka tukawa tunaweza kusikia kuku wakitembea. Kiwandani mashine zikazimwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Siku moja Baba alirudi mchana. Hakuwa anarudi mchana kamwe. Alining'iniza koti lake la kazi kwenye msumari, akalinyoosha mabega vizuri, na halikutoka pale tena.

Alipewa kiinua mgongo chake, na kila ndugu alikuwa na shauri. Baba mdogo alipanda kutoka Moshi kuja kumwambia anunue basi dogo. Mwingine alisema duka, mwingine nguruwe. Nakumbuka tuliketi wote sebuleni, Baba kwenye kiti chake, akiwasikiliza mpaka wamalize. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama Aikande, wewe unasemaje?"

Mama alikuwa anatazama mikono yake. "Basi litaharibika," alisema. "Nguruwe watakufa. Mimi ningependa uizibe nyumba."

"Fedha yote hiyo, shemeji?" Baba mdogo aliruka. "Mtu anakula ukuta?"

"Miaka yote ile amekuwa akifuma nguo za watu," Mama alisema. "Nataka kitu kimoja atakachokigusa aseme hiki ndicho nilichokifanyia kazi."

Baba akasema basi. Na mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na shaka, wala jirani, wala mafundi, wala Mzee Lomayani na ng'ombe zake. Kama angekuwepo hata mmoja aliyekataa ningemtaja hapa.

Fundi alitoka Kaloleni na tindo na nyundo. Wakautoa udongo wetu wote, na hawakuutoa kwa kijiti. Macho yale tuliyokuwa tukiyafunga kila mwaka yakafunguliwa mpaka mwisho wake, nyumba ikaonekana kama fuvu. Kisha wakaanza kujaza. Fundi alitaka kuongeza mchanga, Baba akamzuia mkono. "Usinibanie. Hii nyumba yangu mwenyewe. Tia sementi." Wakatia mpaka rojo likawa la kijani kwa ukali wa sementi. Wakajaza mianya yote, nje na ndani, wakaipitishia mwiko, na juu ya mawe yenyewe, upande unaotazama mlima ambako mvua inatokea, wakapiga lipu nzito. Sementi iliisha kabla hawajafika kwenye jiko la nje, kile kibanda kidogo cha mawe yale yale ambamo Mama alikuwa anapikia. Fundi akauliza kama wangoje nyingine.

"Jiko?" Mama alicheka. "Moshi hauogopi upepo. Liacheni na udongo wake."

Mwezi wa pili uliofuata Mzee Lomayani alikuja kama kawaida yake, na gunia begani. Tulikuwa tumekaa barazani, tumevaa nguo safi, Jumamosi, hatuna la kufanya.

"Yeyo, mavi haya niyaweke wapi?"

"Yarudishe shambani kwako, babu," Mama alisema. Alikuwa anang'aa kwa furaha. "Nyumba yangu haina macho tena. Imelala."

Yule mzee alizunguka nyumba, akapiga ukuta kofi, akakubali kwa kichwa kwamba kweli imekuwa nyumba. Akampa Baba mkono wa pongezi. Akalinyanyua gunia lake. Mkewe alikuwa amebaki pale kwenye njia na ile sufuria kichwani, hajui kama aingie au arudi, mpaka Mama akamwita aje wale. Tulikula asubuhi ile, mapema kabisa, na loshoro ilikuwa ya moto. Hawakuja tena mwaka uliofuata. Hapakuwa na ugomvi wowote. Hapakuwa na sababu ya kuja, basi.

Tulipata miaka michache mizuri, na sitaki kuidhulumu. Upepo wangu ulikufa. Elia alilala bila soksi. Baba asiye na kazi alikuwa akiizunguka nyumba kila asubuhi kabla ya chai, akiigonga hapa na pale kwa kiganja, kama mfugaji anavyompiga ng'ombe wake ubavuni. Mama alihamisha cherehani, akakiweka ili mgeni akiingia aone ukuta kwanza.

Kisha ukaja unga. Asubuhi moja nilifagia sebule na kupata unga wa kijivu chini ya ukuta, mstari mwembamba, kama mtu amepita na ungo. Kesho yake ukawepo tena. Madoa ya maji yakaanza kupanda kutoka chini, yakikauka yanaacha ukungu mweupe kama chumvi. Nguo zilizoning'inizwa ukutani, na lile koti la Baba, zikaota koga. Baba alinusa ukuta na kusema sementi ya siku hizi si ya kweli, imechanganywa. Akaita fundi, wakaongeza nyingine juu yake. Masika yakapita, unga ukarudi mwingi zaidi, sasa na vipande, magamba ya jiwe mapana kama sahani yanayojidondosha yenyewe mchana kweupe tukiwa tunakula. Wakaongeza tena. Cherehani kikauzwa. Mama alikisindikiza mpaka njiani, akarudi akisema kilikuwa hakina kazi tena.

Mvua ikazidi, lipu ya upande wa mlima ikajitenga na kuanguka bamba zima, na hapo ndipo tulipouona ukuta wenyewe. Ningeweza kuuchora leo. Sementi ilikuwa imesimama vile vile, ngumu, inang'aa, mistari yake ya kulala na ya kusimama imetokeza nje kama wavu. Na ndani ya wavu huo, mahali penye mawe, palikuwa na mashimo. Tulikuwa tumeziba mianya, mianya ikabaki, mawe yakaondoka.

Ukuta huo ulianguka alasiri moja ya mwezi wa nne, bila kelele nyingi, kama mtu aliyechoka kuchuchumaa. Hakuumia mtu. Baba alikuwa barazani. Alipoingia aliuona mlima wote kupitia chumba cha watoto, na akakaa kwenye kitanda cha Elia akiutazama. Aliuinua upya kwa matofali ya kuungaunga, na kuta tatu zilizobaki akaendelea kuzilisha sementi. Sisi tulikuwa tumeshaanza kutawanyika, mimi nikafanya kazi na kuolewa Njiro, Elia akaenda Dar es Salaam. Kila niliporudi nilimkuta na karai na mwiko, amezeeka, amenyeshewa na vumbi la kijivu kichwani mpaka nyusi, akiziba.

Alipougua kifua na kulazwa kitandani, kitanda chake kilisukumwa mbali na ukuta kwa sababu ya magamba. Siku moja mchana aliniashiria nisogee.

"Aikande, nilifanya kosa."

"Kosa gani, Baba?"

"Niliweka sementi kidogo. Nilimwogopa yule fundi. Ningeweka nyingi tangu mwanzo, mama yako angekuwa na nyumba."

Ndilo neno la mwisho la maana nililolisikia kwake. Mengine yalikuwa ya maji na dawa.

Siku ya msiba mvua ilinyesha asubuhi. Wanawake walikuwa wanapika nje, na mimi, kwa kuwa sikuweza kukaa na watu, nilijibanza kwenye jiko la Mama. Kufika mchana jua lilitoka. Nilikuwa nimeegemea, na nikagundua kwamba mgongo wangu ni mkavu. Niligeuka. Ukuta wa jiko ulikuwa umekwisha kukauka. Udongo uliobaki katikati ya mawe ulikuwa umekunywa maji ya asubuhi na kuyarudisha juani, ukapauka kama ganda la yai. Mawe yake, ya machimbo yale yale, yaliyoletwa na trekta safari moja na yale ya nyumba, yalikuwa mazima, kingo zake kali kama siku yalipochongwa. Moshi wa miaka yote hiyo, mvua ya miaka yote hiyo. Nilivuka ua nikaweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba. Ulikuwa umelowa. Ulikuwa umelowa siku hiyo, na kesho yake, na watu walipoondoka msibani ulikuwa bado unatoa jasho, maji yamekaa nyuma ya sementi, ndani ya jiwe, hayana pa kutokea.

Nilirudi jikoni nikaitazama mianya mmoja mmoja, kama ninavyofanya ninapotaka kuwa na hakika. Nilichomeka ukucha kwenye udongo, ukaingia. Udongo ulikuwa laini kuliko jiwe, ndiyo maana kila mwaka ulikuwa unakufa udongo na jiwe linabaki. Kazi ile tuliyoiita umaskini, ndiyo iliyokuwa imeishika nyumba. Na usawa wa kuku, mahali ambapo mvua haikupata kufika, palikuwa na alama ya kidole kidogo. Nikapanda kwa macho. Juu yake changu. Juu yake cha Mama.

Nilijaribu kumwambia mara moja tu. Yalikuwa yamepita majuma kadhaa, tumekaa barazani tunachambua mchicha. Nikasema, "Mama, umeliona jiko lilivyo zima? Nimekuwa nikifikiri. Labda ule udongo ndio ulikuwa unayafaa mawe yale. Labda ile sementi..."

Aliacha mchicha. Alinitazama, na nikaona amefika mwisho wa sentensi yangu kabla yangu.

"Unataka kusema baba yako alibomoa nyumba yake mwenyewe," alisema. "Kwa mikono yake. Na mimi ndiye niliyemwambia."

Kuku walipita. Upande wa ndani gamba la jiwe lilidondoka sakafuni, sote tukalisikia.

"Hapana, Mama," nikasema. "Sementi ilikuwa mbaya miaka ile. Ilikuwa imechanganywa."

"Ndivyo alivyosema," akasema, na akarudi kwenye mchicha.

Watoto wa Elia, wakija likizo, wananiuliza kwa nini tusibomoe tujenge ghorofa. Wanapiga picha ule wavu wa sementi na kuwatumia marafiki zao, wanasema unapendeza. Mmoja alikanyaga tope uani baada ya mvua akakimbia kutafuta tishu. Siwalaumu. Mtaa mzima sasa umezibwa, kila mtu na geti lake. Boma la Mzee Lomayani limekatwa viwanja, na yeye mwenyewe amekwisha kuzikwa huko juu. Wajukuu zake nakutana nao mjini hatujuani. Siku hizi nyumba ikipata ufa, mtu anapiga simu, fundi anakuja, anaziba, anaondoka, na mwenye nyumba hajui hata aliyeziba ni nani. Hakuna anayekwenda kumpa jirani utani wa mwaka jana.

Mwezi wa pili uliopita Mama alinipigia. Sauti yake imekuwa ndogo.

"Aikande mwanangu, mvua zinakuja. Niletee sementi."

Nilinunua. Niliipakia kwenye gari mwenyewe, nikaendesha mpaka Daraja Mbili, na Meru ilikuwa imetoka yote, haina wingu. Fundi kijana niliyemkodi alikuwa na kipaza sauti cha muziki mfukoni. Alikwangua, akakoroga, akauliza atie mchanga kiasi gani, na Mama kutoka kwenye kiti chake akamwambia asimbanie. Nilikuwa nimekuja na chakula kwenye bakuli. Nikampakulia, nikampa sahani, akaishika lakini hakula.

"Hakuna kula kabla ukuta haujala," alisema.

Basi na mimi nikakaa karibu yake, sahani mapajani, chakula kikipoa, tukiusikiliza ule mwiko ukisukuma sementi katikati ya mawe machache yaliyobaki. Alikuwa ananitazama usoni. Kila baada ya muda aliuliza kama umeshiba, na mimi nikawa namjibu bado, Mama, bado kidogo.